Kadhi wa Cherehani

Mwanangu Zuleikha,

Assalamu alaikum. Mambo ya hali na afya nayaruka, kwani tuko nyumba moja na kati yetu uko ukuta mmoja tu, nami nimekusikia ukilia tangu wageni walipoondoka. Ungekuwa mtoto ningeingia nikakufuta machozi kwa leso. Lakini umekuwa mtu mzima, na kesho asubuhi gari linakuja kukuchukua, na maneno niliyo nayo hayasemeki huku mashangazi na mawifi wakiosha sufuria uani na masikio yao yote yako huku ndani. Basi naandika. Jua halijatua bado. Nimekaa penye cherehani, vitambaa nimevisukuma kando, na ami yako Athmani amejilaza sebuleni akijifanya amelala.

Nianze na lililotokea, nisijifanye halikutokea. Tulialika watu waje wakuombee dua kwa kuwa umechaguliwa hakimu na unakwenda bara kushika kazi. Watu wakaja, wakasoma, wakala pilau, na kila mtu alikuwa na neno zuri. Ndipo ami yako, kaka wa marehemu babako, aliyetoka Takaungu tangu alfajiri na kapu lake la madafu, aliponawa mikono akasema bila kuulizwa:

"Mimi dua nimeitikia kwa kuwa ni dua. Lakini radhi yangu hana. Mwanamke hahukumu. Lini mmemuona kadhi mwanamke?"

Ukamjibu kwa adabu, macho chini. "Ami, mimi si kadhi. Ni hakimu."

"Kadhi, hakimu, jaji, mwiteni mtakavyo. Majina mangi, mtu ni mmoja. Nshasema."

Watu wakatazama sahani zao. Baadaye ukanijia jikoni, ukanishika mkono, ukasema, "Mama, n'tapiga simu kesho niwambie siendi." Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira. Sasa hasira bado ninayo, ila imetulia kiasi cha kushika kalamu. Jibu langu ni hili: utakwenda. Yote yaliyobaki katika barua hii ni sababu zangu, na kama hujazikubali ukifika mwisho, basi anza tena juu usome upya.

Sitakwandikia habari za blanketi na dawa za kifua. Baridi ya bara utaambiwa na baridi yenyewe.

Ami yako amesema majina ni mengi na mtu ni mmoja. Hapo alikosea, na kukosea kwake kumeniudhi karibu sawa na lile la radhi. Babu yako, mzazi wangu, alisomesha chuo cha Qur'ani Mambrui maisha yake yote, nami nilikulia ukumbini mwake nikisikia maneno yakipetwa kama mchele. Sikuwekwa pale nisome. Nilikuwa nikifagia. Lakini anayefagia ana masikio, na mengi niliyachukua pale.

Jaji ni neno la juzi. Lilishuka melini na Mwingereza, likavaa nywele za bandia, na mtaani kwetu mpaka leo mtu akiitwa jaji jua anachekwa. Hakimu ni neno la ukoo mkubwa. Hekima, hukumu na mahakama ni ndugu zake wa tumbo moja. Babu alikuwa akisema kwamba Waarabu wa kale walilijua hilo kwa mnyama pia: ile sehemu ya hatamu inayoshika taya, mnyama asikurupuke na mpandaji wake, waliipa jina la ukoo huo huo. Aliwaeleza wanafunzi hayo akiwaonyesha punda wa jirani aliyefungwa mlangoni, nao wakacheka, kwa kuwa punda yule alikuwa akimshinda mwenyewe kila siku. Basi hakimu kwanza ni mtu wa kuzuia. Humzuia mwenye nguvu asimrukie asiye nazo, na kabla ya hapo hujizuia mwenyewe. Sasa nambie, kazi hiyo ya kuzuia, mwanamke aliyekaa nyumba moja na mawifi haijui?

Kadhi ni neno jingine kabisa. Asili yake ni kukamilisha, kulitimiza jambo likaisha. Ndugu zake nao unawajua. Kuna kukidhi haja, na kuna kadha. Sisi wanawake tunalijua neno kadha kuliko mwanamume yeyote, maana kila Ramadhani ikitoka tuna siku tulizokosa kufunga za kulipa, na nyumba nzima inajua mama bado ana kadha. Kadhi wa leo ana mahakama yake na mambo yake, ndoa na talaka na mirathi za Waislamu. Kama mwanamke anaweza kukikalia kiti kile au hawezi, wanavyuoni wamehitilafiana, na mimi si mwanachuoni, siandiki fatwa hapa. Ila wewe hukuomba kiti kile. Unakwenda mahakama ya serikali kusikiliza kesi za wizi na ugomvi na ajali za barabarani, na ami yako anajua hivyo vizuri sana.

Halafu liko neno letu wenyewe, ambalo babu hakulisomesha kwa kuwa halikuwa kitabuni. Mwamuzi. Watoto wakikamatana mashati uchochoroni, mtu wa kwanza kupita hupigiwa kelele: waamue, waamue! Hapo kuamua si kusema nani mkosa. Ni kujitia kati ukawatenga, hata ukila ngumi isiyokuwa yako. Mkosa hutafutwa baadaye, watu wakishapumua. Nami nikiwakumbuka waliokuwa wakipigiwa kelele ile mtaani, wengi walikuwa wanawake waliotoka mbio na mwiko mkononi. Wanaume walikuwa kazini, au barazani.

Sasa nije kwenye kibao changu. KADHI WA CHEREHANI, na chini yake kwa herufi ndogo, Twashona Mabuibui, Madera na Sare za Shule. Umepita chini yake tangu unakwenda nasari. Ulipokuwa mdogo uliniuliza maana yake nikakwambia ni mzaha wa babako. Ulipokuwa mkubwa hukuuliza tena, nami sikukwambia, kwa uvivu. Ukweli ni kwamba nilitukanwa kwa jina lile.

Nilikuwa mgeni wa mtaa huu, nimeolewa kutoka Mambrui. Babako aliendesha lori la maziwa la Mariakani na zaidi alikuwa njiani kuliko nyumbani. Wewe ulikuwa unatambaa, nikikufunga kwa leso kwenye mguu wa meza usije ukatia kidole kwenye gurudumu la cherehani. Wanawake wakija kupimwa nguo walikuwa wakisema, kwa kuwa mtu anayepimwa kiuno hana budi asimame, na aliyesimama hana kazi husema. Nikasikia ya huyu na ya yule, na mara nyingi huyu na yule walikuwa wakigombana wao kwa wao. Siku moja nikawaambia wawili, njooni pamoja, mseme mbele yangu. Wakaja, wakasema, yakaisha. Wengine wakasikia nao wakaja, ikawa mazoea.

Bi Nuru na Bi Time walikuwa jirani, kisha wakawa wakwe. Zena, bintiye Bi Nuru, aliolewa na Swaleh wa Bi Time, akahamia kwa mkwewe. Mimba ilipokomaa akarudi kwao kuzaa, kama ilivyo ada. Arobaini ikatimia, akaogeshwa, mtoto akatolewa nje. Siku ya kurudi kwa mumewe akasema harudi, na hakusema kwa nini. Bi Time akaja juu: mjukuu wangu namtaka. Bi Nuru naye: mwanangu simtoi akilia. Wakafikia kutosalimiana, na milango yao ilitazamana. Nikawaita waje kwangu.

Kabla ya siku tuliyoagana waje, ikiwa Alhamisi, Bi Nuru aliniletea sahani ya vitumbua, imefunikwa kawa jipya jekundu. Hakutaja kesi. Alhamisi watu hupelekeana, mimi nikapokea, tukala. Na wewe wajua nilivyolelewa na nilivyokulea: sahani ya jirani hairudi tupu. Alasiri ile nilikata mkate wa sinia, nikaupanga kwenye sahani ile ile, nikaifunika kawa lile lile, nikavuka nayo uchochoro watu wote wakiona. Bi Time alikuwa dirishani. Nilimpungia mkono.

Walikuja. Nilisikiliza vizuri, wallahi, sijapata kusikiliza vile. Zena alikaa pembeni ananyonyesha, na kila jina la mumewe lilipotajwa alimkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka mtoto akalia. Nikaliona hilo. Nikasema Zena asirudi kwa kuitwa na mkwe. Mumewe aje mwenyewe, akae pale, aseme anataka nini na amefanya nini, kisha Zena amjibu. Mpaka hapo abaki kwa mamake.

Mpaka leo naamini neno lile lilikuwa sawa. Bi Time hakulipinga. Aliinuka taratibu, akajitupia buibui lake, akasema, "Hukumu yako nshaiona, mwanangu, kabla ya leo. Ilipita dirishani kwangu, imefunikwa kawa."

Nilibaki na pini mdomoni. Ningemwambia nini? Kwamba nilirudisha sahani kwa adabu tu? Na yeye angeniuliza: mimi ndiye sikuwa na adabu, mimi niliyeona haifai kukuletea kitu siku hizi?

Neno likatoka pale likaenda barazani kwa wanaume, na huko halikulala. "Mmesikia? Tuna kadhi mpya. Kadhi wa Cherehani! Hukumu zake hupimwa kwa futi, na hongo yake ni vitumbua." Nikipita na ndoo, kadhi huyoo. Nikienda dukani, mpisheni kadhi. Watoto wakalidaka, wakalipigia makofi. Na hukumu iliyochekwa haina uzito tena. Wazee wakakaa wenyewe, Zena hayupo, wakasema mke arudi kwa mumewe, watu wasuluhike. Zena akarudi.

Hapo ndipo kosa la sahani lilipouma, mwanangu, na halikuniuma mimi. Haukupita muda, Zena akaja mlangoni kwangu, mtoto mgongoni, mkono umevimba hata bangili zimekatwa. Kwa mamake hakwenda, kwa kuwa huko ndiko wangemfuata kwanza. Nilimkalisha, nikamkanda kwa maji ya moto, nikalia kuliko yeye.

Babako alikuwa ametoka safari, amekaa kitandani anavua viatu. Akaniuliza, "Wakuita kadhi?"

"Waniita."

"Basi chukua kesi yako umpelekee mwenzio."

Ndio uliokuwa mzaha wa babako, kama wautaka. Siku ya pili alibaki na wewe, mimi na Zena tukaenda kwa kadhi wa kweli, mwenye kiti na karani. Swaleh akaitwa, naye akaja na mamake. Nje ya mlango mtu mmoja wa baraza letu akapaza sauti: "Haya, Kadhi wa Cherehani amekuja kumsaidia kadhi!" Watu wakacheka, na mlango ulikuwa wazi. Kadhi alisikia. Alikuwa mzee wa sauti ndogo. Akauliza nani anayeitwa hivyo. Nikasimama.

"Wewe ni nani wake huyu binti?"

"Jirani yake, shekhe."

"Na mbona wakuita hivyo?"

"Kwa kuwa niliamua kesi hii nikaiharibu."

"Uliamuaje?"

Nikamwambia. Akafuta miwani. Kisha akamwambia Bi Time kwa upole kwamba akangoje nje, na Swaleh asogee mbele aseme mwenyewe. Swaleh alitazama mlango aliotokea mamake. Mambo yalichukua muda, kesi zina njia zake, lakini Zena hakurudi tena katika nyumba ile. Ndiye yule aliyekuja leo kutoka Watamu akakuvika leso ya kisutu. Mzee yule hakunisifu wala hakunitazama tena, nami sikutaka sifa.

Niliporudi nilimwita fundi wa kuandika vibao.

"Niandike nini, Bi?"

"Kadhi wa Cherehani."

"Lakini hilo si tusi?"

"Lilikuwa. Andika kwa herufi kubwa, wasio na miwani nao waone."

Ijumaa ile ami yako akaja na madafu yake, akasimama chini ya kibao, akasoma, akasema nitalitia aibu jina la nduguye. Nikamwambia aingie ndani, chai inapoa. Wakaacha kunicheka polepole, maana ni kazi ngumu kumtukana mtu kwa jina aliloliandika mwenyewe juu ya mlango. Na kesi zikaja, tena za wake wa watu wale wale wa barazani.

Tangu pale, mwenye shauri mbele yangu hali kwangu, nami sili kwake, mpaka shauri liishe. Nimeitwa mchoyo. Nimeitwa mwenye maringo. Kuna Idi moja ilipita, huenda waikumbuka, meza yetu haikuwa na sahani hata moja ya jirani, kwa kuwa nusu ya mtaa walikuwa na mashauri kwangu. Ukaniuliza kwani tumekosana na watu. Tulikula nyama yetu sisi wawili, babako ameshakufa, na haikuwa na ladha. Sitakudanganya kwamba upweke ule huzoeleka.

Huko uendako watakuletea kuku, watakuletea asali na ndizi. Wengi hawatakuwa na nia mbaya. Watakuwa na adabu, na wewe una adabu, na hapo ndipo palipo na hatari kwa mwana wa pwani. Rudisha kuku. Rudisha hata mwenyewe akinuna, hata wakisema hakimu yule wa pwani hana utu. Aliyeshindwa mbele yako akirudi kwake, asiwe na sahani ya kuisingizia. Awe na kushindwa kwake tu.

Liko kosa langu jingine, na hili nililifanya mara nyingi kabla sijalijua. Sisi watu wa miji hii ya kale tuna ugonjwa wa kupenda maneno. Mtu akisema kwa mpangilio, akatia methali mahali pake, tunatikisa kichwa kabla hajamaliza. Alikuja kwangu mama wa Matsangoni aliyekuwa akifua nguo nyumba moja hapa mtaani, ameambiwa ameiba kipuli cha dhahabu. Mwenye nyumba alisema kama anayesoma. Yule mama alichanganya Kigiriama na Kiswahili, akameza maneno, akatazama sakafu. Nikasema arudishe kipuli. Akaondoka bila kujibu, na kipuli kikaja kuonekana chini ya godoro la mwenye nyumba mwenyewe.

Nilimfuata Matsangoni nikamwombe msamaha. Nilimkuta akitwanga mahindi, naye hakuacha kutwanga.

"Mama, nimekuja. Nilikosea."

"Najua umekosea."

"Nisamehe."

Akatwanga, akatwanga. "Weye ulisikiza Kiswahili," akasema. "Mimi hukunisikiza." Kisha akanisukumia kigoda kwa mguu nikae, nikakaa. Hakusema kama amenisamehe, na sijui mpaka leo.

Nakwambia hili kwa kuwa huko bara wewe ndiwe utakayekuwa na maneno mazuri. Watasimama mbele yako watu wa lugha nyingine, Kiswahili chao kimevunjika, nawe utasikia kicheko kinakuja. Kikija, kimeze. Muulize tena, na mara ya tatu. Watakwambia unachelewesha kesi, nawe waambie ndiyo, unachelewesha.

Sasa nirudi kwa ami yako, maana itakuwa vibaya nikukataze jambo kisha nimtendee yeye. Upande wake sijausema.

Ulipotoka jikoni wewe, aliingia yeye, ati anatafuta maji. Nilidhani amekuja kugombana nami nikashika mwiko vizuri. Akasimama penye mtungi, amenipa mgongo, akasema kwa sauti ya chini: "Shemeji, atamfunga mwana wa mtu. Watamngoja njiani. Na mimi niko Takaungu, n'tafika lini?" Maji aliyachota, hakuyanywa. Huyu ndiye aliyekubeba mabegani kwenda chuo, masika yamejaza uchochoro. Ndiye aliyekaa nje ya lango la shule siku zako zote za mtihani, kofia mkononi, kama anayengoja mtu atolewe hospitali. Anakupenda, Zuleikha, na anaogopa. Mimi nilimwona akiogopa leo kwa mara ya kwanza tangu tumzike babako.

Kama angeyasema hayo mbele za watu ningelia pamoja naye. Hakuyasema. Alichukua hofu yake akaivika kanzu, akaitia dini ndani na mababu ndani, akakutwika wewe mbele ya wageni, siku ya dua yako. Hilo silikubali. Mtu akiogopa aseme naogopa. Mimi nami naogopa, tena kuliko yeye, mimi niliyekuzaa. Tangu barua yako ya kazi ilipokuja sijalala vizuri. Nawaza barabara zile, nawaza mtu aliyefungwa na wewe akitoka gerezani, nawaza wewe unakula peke yako. Hofu ni yangu na nitakaa nayo mwenyewe hapa, lakini sitaifanya sheria nikufunge nayo.

Utasema radhi ya mzee ni jambo kubwa. Ni kubwa, na sikufundishi kuidharau. Kabla hujaondoka utambusu mkono, akikupa radhi na asipokupa, na utambusu vizuri, kwa moyo. Lakini radhi haiwi kamba ya kumfungia mbuzi. Anayekunyima ili ubaki hakukuamua wewe kuwa mbaya. Amejaribu tu kukushika nguo.

Na usinifanye mimi sababu. Nimekujua tangu tumboni, najua unawaza: nikienda, mama atabaki na ugomvi peke yake, na ukoo wa baba umeudhika, na Takaungu hawatakuja tena. Mwanangu, mimi nimegombana na mtaa huu hujaota meno. Nimeitwa majina na nikayaandika ukutani. Huyo ami yako nimegombana naye zaidi ya miaka ishirini na hajakosa chai yangu Ijumaa hata moja. Ukibaki nyumbani kwa kunionea huruma, hapo ndipo utakapokuwa umenitukana, na tusi hilo sitalipatia fundi wa kuliandika.

Basi sikiliza nitakalofanya. Kesho tukishasali alfajiri, nitampelekea chai sebuleni, na mashangazi wakiwa wamekaa, mbele yao kama alivyosema mbele yao, nitamwambia yote niliyokuandikia. Nitamwambia arudie lile aliloninong'oneza penye mtungi, alirudie kwa sauti, kila mtu asikie kwamba kinachomsumbua ni mapenzi. Hatapenda. Atapaza sauti, nami nitapaza yangu, na wewe wajua ya nani kubwa.

Ukisikia kelele, usitoke. Kaza mikanda ya sanduku lako. Na gari likipiga honi, usipite uani kwa kuona haya. Toka kwa mlango wa mbele, sebuleni, katikati yetu.

Ni mimi mamako, na radhi yangu unayo.